Shomaje, safari za nyumbani na ombi la uraia wa Marekani

Ndugu zetu wanaonitumia maswali kutoka Louisville, Dayton au Houston huyauliza kana kwamba ni mawili yasiyohusiana. La kwanza ni kama pesa za shomaje, yaani malipo ya mtu aliyepoteza kazi, walizopokea walipoachishwa kazi zitawanyima uraia wa Marekani. La pili ni kama miezi waliyokaa huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakiuguza mzazi au wakifuatilia kesi ya kiwanja cha familia, itawanyima vilevile. Kwa maoni yangu hilo ni swali moja. Shomaje yenyewe karibu haina madhara, na safari yenyewe ina kipimo chake kinachojulikana; hatari iko pale tarehe za malipo zinapowekwa juu ya tarehe za safari na ikaonekana kwamba, katika wiki ileile, mtu alikuwa Kentucky kwenye karatasi moja na Kadutu, hapa Bukavu, kwenye karatasi nyingine.

Nieleze mapema kwamba mimi si wakili wa uhamiaji. Kazi yangu ni ya sekretaria publiki: kuandika, kutafsiri, kuskani, na kufuatilia vyeti katika komini zetu tatu za Ibanda, Kadutu na Bagira kwa niaba ya watu wasioweza kuja wenyewe. Lakini huwezi kuandaa karatasi vizuri bila kujua itakwenda kujibu swali gani, kwa hiyo imenibidi kuzisoma sheria za huko kwa makini kuliko wengine wanavyozisimulia katika sauti zinazozunguka WhatsApp. Na wanaouliza si wachache. Katika mwaka wa bajeti wa Marekani wa 2016 pekee, wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo walipokelewa nchini humo, wengi kuliko waliotoka nchi nyingine yoyote mwaka huo, na wengi wao walikuwa wameishi miaka mingi katika kambi za nchi jirani kama Kiziba, Nyarugusu na Nakivale. Watu hao wamekwisha kutimiza miaka inayotakiwa, na fomu yao ya kuombea uraia, ile inayoitwa N-400, ndiyo inayoleta maswali haya mezani kwangu.

Tuanze na shomaje. Nchini Marekani malipo ya mtu aliyepoteza kazi ni bima, si sadaka ya serikali. Mpango huo ulitokana na sheria ya mwaka 1935 iliyoanzisha pia pensheni za wazee, na fedha zake hutoka katika kodi wanayolipa waajiri juu ya mishahara ya wafanyakazi wao. Katika majimbo machache sana mfanyakazi naye huchangia. Kila jimbo lina kanuni zake na kiwango chake, na katika majimbo mengi malipo ya kawaida hayazidi wiki 26. Anayeyapokea ameyapata kwa sababu alifanya kazi na mshahara wake ulitolewa hesabu. Ndiyo maana sheria ya uraia haiuliziulizi kama umewahi kulipwa shomaje ili ikuhukumu kwa hilo.

Hofu iliyoenea kati ya watu wetu inatokana na kanuni nyingine kabisa, ile inayohusu mtu anayetazamiwa kuwa mzigo kwa serikali. Kanuni hiyo huangaliwa wakati wa kuomba viza ya uhamiaji au kadi ya ukaaji wa kudumu, ambayo wengi huiita kadi ya kijani. Haimo katika masharti ya uraia. Zaidi ya hayo, aliyeingia kama mkimbizi au aliyepewa hifadhi amesamehewa kanuni hiyo na sheria yenyewe, hata katika hatua ya kadi. Kwa hiyo mama aliyeachishwa kazi katika kiwanda cha nyama mwaka 2020, akalipwa shomaje miezi kadhaa kisha akarudi kazini, hana jambo la kuficha. Aandike katika historia yake ya kazi kwamba kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani hakuwa na kazi. Fomu inataka miaka mitano mizima ijazwe bila pengo, na pengo lililoachwa tupu ndilo linalomfanya afisa aanze kuchimba.

Kuna mambo mawili yanayoambatana na shomaje ambayo yana uzito wa kweli. Moja ni kodi. Malipo hayo ni kipato mbele ya mamlaka ya kodi ya serikali kuu, na kila mwanzo wa mwaka jimbo hutuma karatasi inayoitwa 1099-G kuonyesha kiasi kilicholipwa. Wengi waliitupa karatasi hiyo wakidhani ni tangazo. Kwa mwaka wa kodi 2020 Bunge la Marekani lilisamehe hadi dola 10,200 za shomaje kwa wenye kipato kilicho chini ya dola 150,000, lakini msamaha huo ulihusu mwaka ule tu, na haukumwondolea mtu mwenye wajibu wa kuwasilisha taarifa ya kodi wajibu huo. Mwombaji wa uraia huulizwa kama anadaiwa kodi. Kudaiwa si mwisho wa safari. Anayedaiwa akiwa amekwisha kukubaliana na mamlaka kulipa kidogo kidogo, na akabeba barua ya makubaliano na risiti zake, kwa kawaida anasikilizwa. Anayejibu kwamba hadaiwi chochote, huku rekodi zinasema vingine, ameligeuza deni dogo kuwa suala la ukweli wake.

Jambo la pili ni lile nililolitaja mwanzoni. Anayelipwa shomaje hutakiwa kila wiki, au kila wiki mbili katika baadhi ya majimbo, kuthibitisha kwamba anaweza kufanya kazi, kwamba yuko tayari kuianza akipewa, na kwa kawaida kwamba anaitafuta. Anajibu kwenye simu au kwenye kompyuta, na kila jibu linahifadhiwa pamoja na tarehe yake. Sasa mfikirie mtu aliyeachishwa kazi mwezi wa tatu, akaona kwamba kwa kuwa hana kazi huu ndio wakati mzuri wa kuja kumwona mama yake, akapanda ndege hadi Kigali, akashuka hadi Kamembe mpakani, akavuka mto Ruzizi, na akiwa hapa Nyawera akaendelea kubonyeza kila Jumapili kwamba yuko tayari kwa kazi. Wengine wanamwachia mdogo wao simu huko Marekani awabonyezee. Kwa macho ya jimbo, wiki hizo zililipwa kwa maelezo yasiyo ya kweli, kwa sababu mtu aliye Bukavu hawezi kuanza kazi Des Moines kesho asubuhi.

Sitaki kumtisha mtu, lakini sitaki pia kulipunguza. Jimbo linaweza kudai pesa hizo zirudishwe, likaongeza adhabu, na likiona kulikuwa na nia ya kudanganya, likafungua kesi ya jinai. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba kosa la ulaghai ambalo hasara yake inazidi dola 10,000 ni miongoni mwa makosa mazito yanayofunga mlango wa uraia moja kwa moja na kumweka mtu katika hatari ya kuondolewa nchini. Kiasi hicho kinaweza kuonekana kikubwa, hadi tukumbuke kwamba katika majira ya kuchipua na kiangazi ya 2020 serikali kuu iliongeza dola 600 kwa wiki juu ya malipo ya kila jimbo. Nyongeza hiyo peke yake, kwa wiki 17, inavuka 10,000. Hata pasipo hukumu ya mahakama, afisa wa uraia anaweza kuliona tendo hilo kama dosari katika sharti la tabia njema, ambalo hupimwa hasa katika miaka mitano iliyotangulia ombi, ingawa anaruhusiwa kutazama nyuma zaidi.

Afisa atajuaje? Hapa ndipo fomu inapofanya kazi yake. Mwombaji mwenyewe anaandika safari zake zote za saa 24 au zaidi, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Mwombaji huyohuyo anaandika miezi aliyokuwa hana kazi. Orodha mbili ziko katika fomu moja. Afisa akiona kwamba safari ya miezi minne iko ndani kabisa ya kipindi cha kukosa kazi, swali linalofuata ni jepesi: uliishi kwa pesa gani? Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa namna hiyo ni kwamba, kabla ya kujaza chochote, apate kutoka jimbo lake orodha ya wiki alizolipwa, ailinganishe na safari zake, na akikuta wiki zinazogongana aende kwa wakili wa uhamiaji huko aliko, wala asije kwangu wala kwa jirani mwenye kompyuta. Mara nyingi deni la jimbo likilipwa kwa hiari na kwa maandishi, wakili ana kitu cha kusimamia. Kujaza kwanza na kutafuta wakili baadaye ni kinyume cha utaratibu wa busara, na ndivyo wengi wanavyofanya kwa sababu ada ya fomu inaonekana ndogo kuliko ada ya wakili. Ada hiyo, tangu tarehe 1 Aprili 2024, ni dola 760 kwa fomu ya karatasi na 710 kwa anayeomba kwa intaneti. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba kupunguziwa au kusamehewa, na katika hesabu ya kipato hicho shomaje nayo huhesabiwa.

Safari zina vipimo viwili, na kuvichanganya ni chanzo cha nusu ya maswali ninayoyapata. Kipimo cha kwanza ni siku za kuwapo nchini kwa mwili: katika miaka mitano kabla ya ombi, angalau miezi 30, ambayo huhesabiwa kuwa siku 913, mtu awe ndani ya Marekani. Kwa aliyeolewa au kuoa raia na kuishi naye, miaka ni mitatu na miezi ni 18. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote mbili zinahesabiwa kuwa siku za ndani, faida ndogo ambayo wengi hawaijui. Kipimo cha pili ni ukaaji usiokatika, nacho hakitazami jumla bali urefu wa kila safari. Safari isiyozidi miezi sita haileti shida yenyewe. Safari inayozidi miezi sita lakini haijafika mwaka inachukuliwa kuwa imeukata ukaaji, ila mwombaji anaruhusiwa kuthibitisha kwamba haikuukata. Safari ya mwaka mzima au zaidi inaukata bila mjadala, isipokuwa kwa makundi machache ya watu waliotumwa kazi maalumu nje na wakaomba ruhusa kwa utaratibu wake.

Mtu anaweza kufaulu kipimo kimoja na kushindwa kingine. Aliyekaa Bukavu mara moja tu, kuanzia tarehe 10 Januari hadi tarehe 20 Julai 2023, ana siku nyingi za ziada katika hesabu ya 913, lakini safari yake imevuka miezi sita na ni lazima ajieleze. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara anayekuja kila mwaka kwa miezi mitano hajavuka miezi sita hata mara moja, na katika miaka mitano amekuwa nje miezi 25, akabaki na 35, kwa hiyo kwa hesabu tupu amepita. Hata hivyo afisa mwenye macho atauliza makao yake hasa yako wapi, ikiwa mke na watoto wako Bagira na huko Ohio ana kitanda tu kwa rafiki.

Kwa mkimbizi kuna jambo jema ambalo husahauliwa. Kadi yake ya kijani, anayoiomba baada ya mwaka mmoja nchini, hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia, na miaka mitano inaanzia siku hiyo. Aliyepewa hifadhi akiwa tayari ndani ya Marekani hurudishiwa mwaka mmoja kabla ya siku kadi yake ilipokubaliwa. Ombi linaweza kutumwa hadi siku 90 kabla miaka haijatimia. Lakini upande wa pili wa neema hiyo ni kwamba safari zilizofanywa kabla ya kadi, kwa hati ya kusafiria ya mkimbizi ambayo hudumu mwaka mmoja tu, nazo zimo katika hesabu.

Kosa kubwa ninalokutana nalo linahusu kibali cha kurudi, kile ambacho mwenye kadi ya kijani hukiomba kabla ya safari ndefu na ambacho hudumu hadi miaka miwili. Watu wanakichukua kama kinga ya kila kitu. Kibali hicho kinamsaidia mtu asionekane ameitupa kadi yake. Hakizuii ukaaji wa uraia kukatika. Aliyekaa nje mwaka na nusu akiwa nacho mkononi ataingia Marekani kwa amani, kisha ataanza kuhesabu upya. Kanuni inasema anaweza kuomba uraia miaka minne na siku moja baada ya kurudi. Hata hapo, kwa kuwa ndani ya miaka mitano iliyopita bado kuna kipande cha safari kinachozidi miezi sita, atadaiwa maelezo. Akisubiri hadi miaka minne na miezi sita, hoja hiyo inaondoka. Kwa mtu asiye na haraka, mimi humwambia asubiri.

Miaka hii ya karibuni safari ndefu za watu wetu nyingi hazikuwa za kupenda. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya Covid na waliokuja kwa wiki chache wakakwama. Mwaka 2025, baada ya Goma kutwaliwa mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu viliacha kupokea abiria, na aliyekuwa huku alilazimika kutafuta njia ya mipakani katika hali ambayo sote tunaikumbuka. Sababu kama hizo zina uzito, lakini zinahitaji karatasi. Kanuni inataja mambo ambayo mwombaji anaweza kuonyesha: kwamba hakuacha kazi yake ya Marekani, kwamba familia yake ya karibu ilibaki huko, kwamba nyumba au chumba chake kilibaki chini yake, na kwamba hakuajiriwa huku alikokuwa. Mkataba wa nyumba uliolipwa miezi yote, barua ya mwajiri, taarifa za benki na taarifa ya kodi vina nguvu kuliko simulizi. Angalieni sasa jinsi shomaje inavyorudi kwa mlango wa nyuma: aliyepoteza kazi kabla ya safari hana barua ya mwajiri ya kuonyesha, kwa hiyo nguzo ya kwanza kati ya hizo imeanguka, na anapaswa kuziimarisha zilizobaki.

Upande wetu ni kuleta ushahidi wa sababu. Kama ni msiba, tunatafuta cheti cha kifo katika ofisi ya vizazi na vifo ya komini. Kama ni ugonjwa, karatasi za hospitali zenye tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Vyote hivyo vimeandikwa kwa Kifaransa, na idara ya uraia ya Marekani, USCIS, hudai tafsiri kamili ya Kiingereza pamoja na tamko la mtafsiri kwamba anazimudu lugha hizo na kwamba tafsiri ni sahihi. Muhuri wa mthibitishaji hautakiwi na kanuni hiyo. Nalisema kwa sababu mjini kuna wanaowatoza watu pesa nyingi kwa mihuri ambayo hakuna aliyeiomba. Tena, karatasi iwe ya kweli. Cheti cha kifo kilichopatikana kwa kumlipa karani ili tarehe isogee wiki mbili kitamwangusha mtu ambaye ukweli wake ungemsaidia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa watu wa Bukavu na Goma ni letu kuliko la mtu mwingine yeyote. Safari zetu nyingi zinapitia Kigali. Tiketi inasema Kigali, mhuri wa kwanza ni wa Kigali, na mtu akivuka kutoka Kamembe au kutoka Gisenyi kwa kitambulisho tu, pasipoti yake haina alama yoyote ya Kongo. Fomu inauliza nchi ulizozitembelea. Dada mmoja aliniambia kwenye simu: «Kaka, si nilishuka Kigali? Nikiandika Rwanda nimedanganya nini?» Nilimjibu: «Dada, umelala wapi usiku ule na mwezi uliofuata?» Aliyelala Panzi mwezi mzima alikuwa Kongo, na fomu inapaswa kusema Rwanda na Kongo.

Naelewa kwa nini anasita. Aliingia Marekani kama mkimbizi kwa kueleza kwamba hawezi kurudi Kongo, na sasa anatakiwa aandike kwa mkono wake kwamba alirudi. Hofu hiyo haikosi msingi. Sheria inadai kwamba anayepewa uraia awe alipokelewa kihalali tangu mwanzo, kwa hiyo afisa ana haki ya kufungua tena dosie ya ukimbizi na kuuliza kama hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini kurudi hakuthibitishi uongo. Aliyekimbia mauaji katika kijiji cha Fizi na miaka kumi baadaye akaja siku kadhaa mjini Bukavu kumzika baba yake, bila kukanyaga kijiji kile, ana maelezo ambayo mtu mwenye akili anayaelewa. Aliyekuja kila mwaka, akajenga nyumba palepale alipodai kwamba angeuawa, na akasafiri kwa pasipoti ya Kongo aliyoiomba baada ya kupata kadi, ana kazi ngumu zaidi, na anahitaji wakili kabla ya fomu. Katika hali zote mbili, kuifuta Kongo katika orodha kunaharibu zaidi ya kuiandika.

Mahakama Kuu ya Marekani ililigusa jambo hili mwaka 1988 katika kesi ya Kungys, mtu mwenye asili ya Lithuania aliyekuwa ametoa tarehe na mahali pa kuzaliwa pasipo pa kweli. Mahakama ilieleza kwamba, katika kifungu cha tabia njema, ushahidi wa uongo uliotolewa kwa kiapo kwa nia ya kupata faida ya uhamiaji unatosha kumharibia mtu hata kama uongo wenyewe haukuhusu jambo kubwa. Ndiyo kusema safari ya siku kumi ambayo isingemzuia mtu kwa lolote inaweza kumzuia ikiwa ataikana kwa makusudi mbele ya afisa. Lakini kifungu hicho kinahusu nia, wala si usahaulifu. Watu wetu wengi waliandikishwa kambini kwa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari iliyobuniwa na karani, na wengi hawakumbuki siku hasa walizosafiri, hao hawajadanganya. Asiyekumbuka tarehe atafute barua pepe za tiketi, mihuri ya uhamiaji ya Rwanda, risiti, picha zenye tarehe katika simu, au aombe rekodi zake kwa mamlaka ya mipaka ya Marekani. Ikibaki shaka, aandike tarehe ya karibu na aseme wazi kwamba ni ya kukadiria. Siku ya mahojiano afisa huipitia fomu pamoja na mwombaji, na masahihisho hufanywa hapo hapo.

Tangu Agosti 2025 kuna maelekezo mapya kwa maafisa hao. Wanatakiwa wasitazame tu kama mtu hana makosa, bali wapime pia mema yake, na miongoni mwa yaliyotajwa ni kazi halali na ya kudumu, ulipaji wa kodi, elimu, kutunza familia na ushiriki katika jamii. Haijawa sharti kwamba asiye na kazi asiombe. Lakini aliye na vipindi virefu vya shomaje afanye vyema kubeba na vitu vingine: cheti cha mafunzo aliyoyachukua wakati ule, barua ya kanisa au ya shule ya watoto, karatasi zinazoonyesha kwamba alikuwa akimtunza mgonjwa nyumbani. Binafsi nayaona maelekezo haya kuwa na mapana mno, kwa sababu yanampa afisa mmoja nafasi kubwa ya kuhukumu maisha ya mtu, lakini ndiyo yaliyopo.

Walio Ubelgiji wasichukue haya yote kama yao. Huko shomaje ina uzito wa aina nyingine. Tangu mageuzi yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2013, anayetaka uraia kwa tamko baada ya miaka mitano ya ukaaji halali hutakiwa, pamoja na lugha na kujiunga na jamii, kuonyesha ushiriki wa kiuchumi, na kwa mwajiriwa kipimo chake ni siku 468 za kazi katika miaka hiyo mitano. Siku za kukaa bila kazi kabisa ukilipwa shomaje hazijazi hesabu hiyo. Kwa hiyo Marekani shomaje ya halali haikudhuru, ila Ubelgiji inaweza kukuchelewesha hata ikiwa halali kabisa. Aliyekwisha kukaa miaka kumi ana njia nyingine isiyodai siku za kazi. Kuhusu safari, Wabelgiji hukubali kutokuwapo kwa miezi sita kwa wakati mmoja, mradi jumla isizidi moja ya tano ya muda unaotakiwa, yaani mwaka mmoja katika mitano. Ni kanuni fupi kuliko ya Marekani, na mtu anaweza kuihesabu kwa kalamu.

Nirudi Marekani kwa mambo mawili ya mwisho ambayo huwakuta watu wakiwa wamekwisha kutuma ombi. Ukaaji usiokatika unadaiwa hadi siku ya kiapo, si hadi siku ya kutuma fomu. Safari fupi inaruhusiwa wakati ombi linasubiri, lakini barua ya alama za vidole au ya mahojiano inaweza kufika wakati mtu yuko huku, na kutofika bila taarifa kunaweza kuliua ombi. Hata aliyefaulu mahojiano hupewa karatasi inayoitwa N-445, ambayo huijaza siku ya kiapo, na mojawapo ya maswali yake ni kama amesafiri nje ya nchi tangu mahojiano. Aliyesafiri aseme, hata kama ni siku chache.

Na aliyekwisha kuapa asikate tiketi ya Kigali kesho yake. Kadi ya kijani hurudishwa siku ya sherehe, kwa hiyo ni lazima kwanza apate pasipoti ya Marekani. Kisha akumbuke ibara ya 10 ya Katiba yetu ya 2006, inayosema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine wowote. Sheria ya Novemba 2004 kuhusu uraia inasema hivyohivyo. Mbele ya sheria ya hapa, aliyeapa huko anakuja kama mgeni na anahitaji viza. Wapo wanaoendelea kuvuka Ruzizi kwa kadi ya zamani ya mpiga kura, na sitamshauri mtu yeyote aige. Viza iombwe ubalozini mapema, kabla ya tiketi, na jina lililoandikwa katika ombi lifanane herufi kwa herufi na lile la pasipoti mpya, hasa kwa wale waliobadilisha jina siku ya kiapo.